Mama Wawili, Kitanda Kimoja

Niliposema nimestaafu, wenzangu wa wodi ya watoto walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Unastaafuje wakati mtoto wako hata hajaanza kutambaa? Nimestaafu hivyohivyo. Miaka yote niliyofanya kazi ya mhudumu kwenye hospitali moja hapa Musoma tulikuwa tunawahubiria watu kwamba mtoto anahitaji mama yake karibu. Halafu nilipojifungua wa tatu wakanipangia zamu za usiku mfululizo, maziwa yananitiririka kwenye sare, mwanangu analia kwa jirani kule Mukendo. Niliomba nibadilishiwe. Nikaambiwa nivumilie kama wengine. Sikuvumilia. Nina hasira mpaka leo, na kama unasoma hapa ukitegemea shukrani kwa uongozi, ishia hapahapa.

Ila wale walioanza kazi juzi waliniomba niwaandikie ya kazini, na wao sina ugomvi nao. Sitaandika nani alipandishwa cheo, maana mimi sikupandishwa. Nitaandika ya vitanda vya upande wa dirishani, vya watoto wa ajali, maana huko ndiko nilikoishi.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha kozi ya uhudumu wa afya, na viatu vipya vinavyobana. Nilidhani nitapewa mtoto nimshike. Sista Wegesa, mkuu wa wodi, ni mama wa Kikurya, mrefu, anaongea kama anagombana hata akiwa anakuombea mema. Akanitazama toka juu mpaka chini.

“Unaitwa nani?”

“Ester.”

“Unaogopa watu wazima?”

“Siogopi.”

“Basi shika mlango.”

Kushika mlango ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sheria ya wodi ilikuwa kila kitanda mama mmoja, na wakati wa kusafisha vidonda hata huyo mmoja anatoka. Mnawajua watu wetu. Mtoto mmoja akigongwa na pikipiki Kiabakari, wanakuja mama, bibi, shangazi wawili, mjumbe, na mtu mwingine ambaye hakuna anayejua amekuja kufanya nini ila amebeba chupa ya chai. Mimi nikawa nawatoa wote. Nilitukanwa kwa Kizanaki, Kikurya, Kijita na Kijaluo. Matusi ya Kijita niliyaelewa yote kwa sababu ndiyo lugha yetu sisi wa Majita, na yalikuwa makali kuliko mengine.

Sheria ile haikutoka hewani. Sista Wegesa alinieleza mwenyewe. Kuna baba alimpiga nesi ngumi mtoto alipolia. Kuna shangazi alizimia, akaangukia toroli la vifaa, ikabidi ashonwe yeye kwanza. Kuna waliokuwa wanaingiza dawa za majani na kuzipaka juu ya kidonda kilichotoka kusafishwa. Kwa hiyo sikumwona kama mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kushona mashangazi.

Na vitu vizuri vingi nilivyojifunza, yeye ndiye alinifundisha. Toroli letu lilikuwa na gurudumu linalolia, na watoto wakilisikia tu huko mbali wote wanaanza kupiga kelele kwa pamoja, hata wale ambao siku hiyo hawaguswi. Aliniambia nilipake mafuta ya kula. Nikapaka, kelele zikapungua nusu. Mafundi walikuwa wameahidi kulitengeneza tangu kabla sijaajiriwa. Alinifundisha kulowesha shashi iliyoganda kidondani kwa maji ya chumvi na kusubiri, kusubiri kweli, mpaka iachie yenyewe, usiivute kama unang'oa magugu. Alinifundisha kumwachia mtoto abandue plasta mwenyewe. Anabandua polepole mpaka unataka kulia, lakini habandui kwa hofu.

Kuna baba mmoja wa Bunda, dereva wa bodaboda, aliyemwangusha mtoto wake mwenyewe akiwa amempakia kwenda shule. Kila aliyepita alikuwa na neno la kumwambia. Mke wake hakumwangalia usoni. Yeye akawa anakaa tu kwenye benchi la nje, hali, hanywi, ameinama. Nilitaka kumfukuza, maana benchi lile lilikuwa karibu na mlango wangu. Sista Wegesa akatoka na beseni na kitambaa, akamwekea mapajani.

“Nenda kamwogeshe mwanao.”

“Mimi?”

“Kwani nimemwekea nani beseni?”

Alimwogesha yule mtoto kama anaosha yai. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila asubuhi na maji yake ya moto, na baadaye hata mke wake akaanza kumpokelea ndoo. Nilipouliza kwa nini ameruhusiwa kuingia wakati sheria inasema mama mmoja, Sista Wegesa aliniambia, “Mtu akiwa amekaa bure anaoza. Mpe kazi.” Kumbe sheria ilikuwa inapindaga, akitaka.

Ndiyo maana la Wakuru lilinishangaza.

Wakuru alikuwa mtoto wa kike wa darasa la kwanza, wa kijiji kimoja cha Butiama, ndani kidogo kutoka barabara ya lami. Alikuwa anavuka barabara kwenda mashine ya kusaga, pikipiki ikampitia. Paja la kulia lilivunjika. Mguu wa kushoto ngozi ya nyuma ilitoka yote, nyama inaonekana. Paja likawekwa kwenye kamba: mguu unafungwa bandeji, kamba inapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, chini unaning'inia mfuko wa mchanga unaouvuta taratibu ili mfupa ukae sawa. Mtoto anatakiwa atulie hivyo kwa wiki kadhaa. Yeye alikuwa hatulii hata kidogo.

Alikuja na wanawake wawili. Mmoja mzee, ana kitenge kipya na fimbo. Mwingine wa umri wangu, amebeba mizigo yote, anaitwa Sabina. Mlangoni nikauliza kama kawaida, mama wa mtoto ni nani. Mzee akasema, “Mtoto ni wangu.” Sabina akaangalia chini. Nikauliza baba yuko wapi. Mzee akasema, “Baba ni mimi.”

Nilidhani ananitania. Hakunitania. Huko kwao, na kwa Wakurya pia, kuna ndoa wanayoiita nyumba ntobhu. Mama ambaye hakupata mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anatoa ng'ombe anaoa mwanamke, ili nyumba yake isife. Yule mwanamke anazaa na mwanamume wa nje, na watoto wanahesabika wa yule mama mzee. Kwetu huku ziwani sikuwahi kuiona, kwa hiyo nikamwita Sista Wegesa anisaidie. Yeye hakuhitaji kuelezwa chochote. Aliwatazama mara moja akajua.

“Huyu aliyezaa anaingia,” akasema. “Bibi abaki nje.”

“Mimi ndiye ninalala naye huyu mtoto,” bibi akasema.

“Nje, mama. Sheria ya wodi.”

Bibi, jina lake Nyangeta, hakuondoka. Alitandika khanga upande wa nje wa dirisha, kwenye baraza wanakokaa ndugu wa wagonjwa, na akawa anakohoa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anakohoa ili mtoto ajue yupo. Kila kikohozi Wakuru alikuwa anageuza kichwa dirishani, anataka kuinuka, na mfuko wa mchanga unaruka juu na kushuka, na mfupa huko ndani unasogea. Daktari alikuwa anaufungua mguu na kuufunga upya, anasaga meno.

Sabina alikuwa anakaa kwenye kiti kama mgeni. Si kwamba hampendi mwanae. Nyumbani yeye ndiye wa shamba, wa maji, wa ng'ombe, anatoka mtoto amelala na anarudi mtoto amelala, mgongoni kwa bibi. Akimshika mkono, Wakuru anauvuta. Akimpa uji, anafumba mdomo. Wakati wa kusafisha kidonda tulikuwa tunamtoa hata huyo Sabina, tunabaki watu wazima wanne kumshika mtoto mmoja. Mimi nilikuwa nashika mabega. Alikuwa ananing'ata. Halali na haki yake.

Halafu kidonda kikaanza kunuka. Wanaokuja wodini siku za mwanzo hawaelewi kwa nini sisi tunanusa bandeji kabla ya kuifungua. Nusa. Pua itakuambia mapema. Daktari akasema, mtoto hali, anajirusha, kidonda kinaharibika. Tukiendelea hivi tutakuja kuzungumza habari ya kukata. Alilisema lile neno kwa Kiingereza, akidhani Sabina hataelewa. Sabina alielewa. Alishika ukingo wa kitanda na hakuuachia mpaka daktari alipoondoka.

Nilimfuata Sista Wegesa ofisini kwake. Nilikuwa na mtoto wangu wa pili wakati huo, mdogo, nikawa sina hata chembe ya adabu iliyobaki.

“Mruhusu yule bibi aingie.”

“Kafanye kazi yako, Ester.”

“Yule wa Bunda si mama wa mtu, na ulimwingiza mpaka na beseni!”

“Wa Bunda ni tofauti.”

“Tofauti gani?”

Alifunga mlango. Akaongea polepole, na sikuwahi kumsikia akiongea polepole. “Mimi nimezaliwa kwenye nyumba kama hiyo. Mama yangu alimlimia bibi wa namna hiyo mpaka mgongo ukapinda, na sikumbuki siku hata moja aliyoulizwa anataka nini. Ng'ombe wauzwe, hajaulizwa. Mimi nisome au nisisome, hajaulizwa. Sasa Sabina yuko kwenye wodi yangu. Hapa, mama ni yeye. Hapa ataulizwa yeye.”

Hilo lilinikalisha. Lakini hasira haikuisha.

“Sasa umemuuliza?” nikasema. “Tangu wamefika, umemuuliza nini Sabina? Umemwambia tu kakae pale. Na mtoto anaumia kwa ajili ya mama yako.”

“Toka ofisini kwangu.”

Nikatoka. Nilijua kesho yake nitapelekwa wodi nyingine, labda kufua mashuka. Badala yake asubuhi Sista Wegesa alikuja mwenyewe wakati wa kusafisha kidonda. Alisimama mwisho wa kitanda akaangalia kila kitu: watu wanne, mtoto mmoja, kikohozi dirishani, mfuko wa mchanga unavyoruka. Tulipomaliza wote tumelowa jasho. Akamwita Sabina arudi ndani, akavuta kiti, akakaa. Kwa Sista Wegesa kukaa wakati wa kazi ni habari kubwa.

“Sabina. Wewe unataka nini?”

Sabina akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye nitakayemjibia. Nikajishughulisha na bakuli. Ilikuwa ngumu, mnanijua.

“Nataka bibi aingie,” akasema.

“Usiseme anachotaka yeye. Wewe.”

“Ndiyo nasema mimi. Aingie.”

“Huyo bibi hakutesi?”

“Siku nyingine ananitesa,” Sabina akasema. “Mtoto hamtesi.”

Nilimwona Sista Wegesa anataka kubishana na nikamwona anashindwa, maana alikuwa ameuliza na amejibiwa. Akainuka, akaenda dirishani, akasema kwa sauti yake ya siku zote, “Bibi! Acha kukohoa, utatoa mapafu. Ingia. Nawa mikono kwanza.”

Bibi Nyangeta aliingia, akapanda kitandani bila kuuliza mtu, akakaa nyuma ya mtoto, akamwegemeza kifuani. Wakuru hakulia wala hakucheka. Alilegea tu, mwili mzima, kama mtu aliyebeba ndoo muda mrefu akatuliwa. Mfuko wa mchanga ukatulia ukaning'inia wima. Siku hiyo alikunywa uji wote, akaomba mwingine, na bibi akamwambia ajifunze adabu, hospitali si kwa mjomba wake.

Kazi ya kusafisha ikabadilika. Ikaonekana bibi hawezi kuona damu. Pamoja na fimbo yake na maneno yake yote, tone moja la damu na macho yanamgeuka. Kwa hiyo akawa anatazama ukutani na kumhesabia Wakuru ng'ombe wa nyumbani, mmoja mmoja kwa jina na tabia: huyu anapiga teke, huyu ameiba mahindi ya jirani, huyu mvivu kama shangazi yako. Mtoto anamsahihisha akikosea. Na Sabina, aliyekuwa anakaa kama mgeni, ndiye mwenye mikono. Sista Wegesa alimpa glavu akamfundisha kulowesha, kusubiri, kubandua. Mikono ile imezoea kukamua, haina haraka. Baada ya siku chache watu wanne hatukuhitajika tena. Nilibaki mimi wa kushika bakuli.

“Unaona nini huko chini?” bibi akawa anamuuliza, ametazama ukuta.

“Pembeni pamekuwa pekundu vizuri. Katikati bado pabaya.”

“Pabaya kiasi gani?”

“Usitake kujua.”

“Basi sitaki. Endelea. Wakuru, tumefika kwa yupi?”

Hapo katikati pabaya ndipo palipomrudisha daktari. Akasema lazima mtoto aende chumba cha upasuaji, alazwe usingizi, nyama iliyokufa itolewe, halafu kidonda kikitakata vizuri wapandikize ngozi. Akauliza mzazi wa kukubali ni nani. Mimi nikaweka bakuli chini. Nilimwona Sista Wegesa naye ameacha alichokuwa anafanya.

“Mimi ndiye nilitoa ng'ombe,” bibi akasema.

“Sijauliza ng'ombe, mama. Nimeuliza nani anakubali.”

Bibi akamtazama daktari, akamtazama mtoto aliyelala kifuani kwake. Kwao neno ni lake. Hata Sabina alikuwa ameshainama, anasubiri kusikia litakaloamuliwa. Halafu yule mzee akageuza kichwa.

“Wewe ndiye unakionaga hicho kidonda. Mimi sijakiona na sitakiona. Sema wewe.”

“Mimi?”

“Kwani nani mwingine anakiosha?”

Sabina akasema, “Akasafishwe.” Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu zaidi bila kuambiwa. “Akasafishwe. Leo, kama inawezekana.”

Haikuwezekana leo, mafuta ya jenereta yalikuwa yameisha, mnaijua hospitali. Ikawa kesho yake. Mguu ulibaki. Ngozi waliyoipandikiza ilishika. Paja liliunga, fupi kidogo kuliko lingine, lakini liliunga.

Nimewaandikia hili kwa urefu kwa sababu kesho na keshokutwa mtapewa mlango. Mtu akifika na mtoto wa ajali, msiulize mama ni nani. Muulizeni mtoto: nyumbani unalala na nani? Analala na dada yake, dada aingie. Analala na babu, babu aingie, anawe mikono. Halafu mtafutieni kila mtu kazi yake, wa kushika, wa kuosha, wa kuongea, na asiyeweza kufanya lolote mtumeni maji. Mtasumbuliwa. Watajaa. Wataongea kwa sauti kubwa. Mtoto aliyegongwa barabarani ameona watu wake upande wa pili wa lami na hakuwafikia. Mkimtenga nao tena, mnamgonga mara ya pili, na mnafanya hivyo mkiwa na sare safi.

Siku ya kuruhusiwa niliwasindikiza hadi getini, mimi na Sista Wegesa. Wakuru alikuwa na magongo ya mbao. Ndugu yao mmoja alikuja na gari ndogo kuwachukua, injini inanguruma. Wakuru alipoiona barabara aliganda palepale. Hakulia. Alisema tu, “Sipandi,” na mkojo ukashuka miguuni.

“Mtoto, panda,” bibi akasema. “Kwetu ni mbali.”

“Sipandi.”

“Mura,” bibi akamwambia dereva, yaani kijana, “shuka umbebe.”

Dereva akafungua mlango. Sabina akasimama katikati yake na mtoto. Kwanza alichukua khanga yake, akampangusa miguu, bila haraka, kama anavyopangusa kidonda. Halafu akasema, hakumtazama bibi wala sisi, “Habebwi. Tutatembea. Akitaka kupanda atasema.”

“Mpaka Butiama?” dereva akasema. “Mama, una akili wewe?”

“Wewe fuata nyuma polepole. Na usipige honi.”

Nilimtazama bibi. Alikuwa ameinua fimbo, na sikujua anaishushia wapi. Aliishusha chini, upande wa barabarani, akaanza kutembea, yeye upande wa magari, Wakuru katikati na magongo yake, Sabina upande wa majani na mizigo. Wakatoka hivyo. Hatua za mtoto, watu wazima wanazifuata, gari linatambaa nyuma yao kama ng'ombe aliyechoka.

“Kwa mwendo huo watafika kesho,” nikasema.

Sista Wegesa alikuwa anamwangalia Sabina.

“Wacha wafike kesho,” akasema, na hakurudi wodini mpaka walipopotea kwenye kona.